UFUNGUO WA AMANA

Kila askari aliyepata kushika zamu katika ghala la silaha anajua kuwa ufunguo wa pili haukai mfukoni mwa mtu. Hukaa ndani ya bahasha yenye lakiri na sahihi, na anayeifungua huandika jina lake, saa na sababu. Tunalitaja jambo hili la kawaida kwa kuwa siku hizi kuna ufunguo mwingine unaobishaniwa, nao hauonekani kwa macho: ule unaofumbua ujumbe uliofumbwa kwa hesabu za kompyuta.

Hapa Kafutuma, na mwambao wote wa Ziwa Mweru, mchuuzi wa samaki huongea na jamaa zake walioko ng'ambo, Kongo, kwa WhatsApp, na maneno yao hayasomeki na mtu wa kati. Mhalifu naye hutumia njia hiyo hiyo. Ndipo askari husema: Serikali na iwekewe amana nakala ya kila ufunguo, kazi iishe. Hamu hiyo twaielewa, lakini hatuiungi mkono.

Marekani walijaribu. Aprili 1993 serikali yao ilitangaza kidude cha simu kiitwacho Clipper, ambacho ufunguo wake uligawanywa nusu mbili na kuwekwa katika idara mbili za serikali. Mwaka 1994 mtaalamu Matt Blaze alionyesha jinsi mtu awezavyo kufumba maneno kwa kidude hicho hicho huku akiukwepa ufunguo wa serikali. Miaka michache baadaye mpango ukaachwa.

Lililo zito zaidi lilijulikana mwaka 2024. Wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa wameingia katika makampuni ya simu ya Marekani, hata katika mitambo ya kusikilizia mazungumzo kwa amri ya mahakama. Mwizi alipita katika mlango uliotobolewa kwa ajili ya polisi! Desemba mwaka huo wakuu wa usalama wa nchi hiyo, FBI wakiwemo, waliwashauri wananchi watumie ujumbe uliofumbwa.

Kwetu, sheria ya mitandao ya mwaka 2021, na zile mbili zilizochukua nafasi yake Aprili 2025, zimeleta mabishano mengi. Hata hivyo, askari wa kizuizini hakupewa ruhusa ya kumwamuru abiria ataje namba ya siri ya simu yake kwa kuwa tu amemshuku uso. Ibara ya 17 ya Katiba yamlinda abiria huyo asipekuliwe ovyo. Mwenye ushahidi na aende kwa jaji.

Ukali wetu tuuelekeze kwenye funguo zetu wenyewe. Sajini akihamishwa au akifariki, na namba ya siri ya kompyuta ya kituo ikaondoka naye, majalada yote yamefungwa. Hapo nakala ni wajibu: bahasha yenye lakiri, maofisa wawili, daftari la sahihi. Na amri za doria zisitumwe kwa simu binafsi, ambazo hazina nakala wala daftari.

Uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba na doria za ziwani huongezeka. Wakuu wa vituo wazikague bahasha zao kabla ya siku hiyo.