Injini Iliyouzwa kwa Wapinzani

GURUDUMU LA WIKI
Na Salim Mbarouk Kheri

Walter Hayes hakuwa mhandisi. Alikuwa mhariri wa gazeti kabla ya kuingia Ford ya Uingereza kusimamia uhusiano wa umma, na kwa maoni yangu uamuzi wake mmoja uliufaa mchezo wa magari kuliko nguvu zote za farasi zilizowahi kutoka kiwandani. Alikuwa na injini inayoshinda, iliyofungwa kwenye magari ya timu moja tu. Akataka hata wapinzani wa timu hiyo wauziwe.

Injini yenyewe ni Cosworth DFV. Chanzo chake kilikuwa kanuni mpya: kuanzia 1966 injini za langalanga ziliruhusiwa kufika lita 3 badala ya lita 1.5, na Coventry Climax, iliyokuwa tegemeo la timu nyingi za Uingereza, ikaamua kutoendelea. Timu zikabaki mikono mitupu. Colin Chapman wa Lotus akabisha hodi mlango huu na ule akitafuta fedha, hadi Hayes alipowashawishi wakubwa wake watoe pauni 100,000. Kazi ikapewa Cosworth ya Northampton, kampuni ndogo ambayo Mike Costin na Keith Duckworth, wote wawili watu waliopitia Lotus, waliianzisha mwaka 1958.

Mchoraji alikuwa Duckworth. Kwanza alitengeneza FVA, injini ya silinda 4 na lita 1.6 iliyojengwa juu ya bloku ya kawaida ya Ford, ili aijaribu silinda hedi yenye valvu 4 kwa kila silinda. Valvu zilisimama karibu wima, nafasi ya kuchomea mafuta ikawa finyu, moto ukaenea upesi. Alipoona inakubali ndipo akaichora V8: silinda 8 katika safu mbili zilizoachana kwa nyuzi 90, ujazo wa sentimita za ujazo 2,993, nguvu za farasi takriban 400 kwa mizunguko 9,000 kwa dakika. Wakati huo BRM walikuwa wakihangaika na injini nzito ya silinda 16, na Ferrari walikuwa na silinda 12. Duckworth alichagua vipande vichache, kila kimoja kikiwa na sababu ya kuwepo.

Hata chasisi ilipunguzwa. Iliishia nyuma ya mgongo wa dereva. Injini ikafungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye ukuta wa chasisi, giaboksi ikafungwa kwenye injini, na vyuma vya magurudumu ya nyuma vikashikiliwa na hivyo viwili. Ukiitoa injini, gari limekatika nusu. Wazo hilo wengine walishalijaribu, ila DFV ilichorwa tangu mwanzo ibebe gari, na karibu kila gari la langalanga tunaloliona leo limejengwa hivyo.

Tarehe 4 Juni 1967, Zandvoort nchini Uholanzi, Lotus 49 iliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza. Graham Hill alianza nafasi ya mbele kabisa na akaongoza mpaka meno ya gia za taimingi yalipovunjika. Jim Clark, ambaye hakuwa amewahi kuliendesha gari hilo kabla ya wikendi ile, akashinda. Tatizo la gia Duckworth alilimaliza baadaye, baada ya kung'amua kwamba mtikisiko ndani ya injini ndio unaoyachapa meno. Akabuni gia yenye vifimbo vyembamba vya chuma ndani yake, vinavyojipinda kidogo na kumeza mshtuko. Napenda sana ufumbuzi huo, kwa sababu hakukimbilia kuongeza unene wa chuma.

Hayes aliyatazama mashindano ya mwaka ule akaona hatari. Lotus ikishinda kila siku bila wa kushindana nayo, ushindi hautakuwa na maana, na jina la Ford litachosha watu. Akamweleza Chapman, na Chapman, ambaye angepoteza zaidi ya mtu yeyote, akakubali. Mwaka 1968 McLaren wakaipata, na Ken Tyrrell, mfanyabiashara wa mbao, akaipata kwa magari ya Matra aliyoyasimamia. Injini moja iliuzwa kwa takriban pauni 7,500.

Tena iliuzwa moja kwa moja. Ukishalipa ni yako: uifungue, uinoe, umpe fundi unayemwamini. John Nicholson wa New Zealand alizihudumia za McLaren. John Judd naye alifanya kazi hiyo. Mtu mwenye mafundi hodari, giaboksi ya Hewland na injini ya Cosworth aliweza kwenda kumkabili Ferrari. Na walimshinda. Mwaka 1975, Zandvoort hiyohiyo, James Hunt akiwa na timu ndogo ya Hesketh alimzuia Niki Lauda wa Ferrari hadi mwisho.

Wapo waliolalamika kwamba injini moja kwa wote inaua ubunifu, hasa kwa kuwa mwaka 1969 na 1973 hakuna injini nyingine iliyoshinda hata mbio moja ya ubingwa. Sikubaliani nao. Ubunifu ulihamia kwingine. Tyrrell walijenga gari la magurudumu 6 na likashinda Sweden mwaka 1976. Lotus 79 ya Mario Andretti ilinyonywa na hewa kuelekea chini, na wembamba wa ile V8 ndio uliowaachia nafasi ya kuipitisha hewa hiyo pembeni.

Kwetu Afrika Mashariki mbegu ya Cosworth ilifika kwa njia ya vumbi. BDA, injini ya Cosworth iliyorithi mawazo ya FVA, ndiyo iliyokuwa ndani ya Ford Escort ya Hannu Mikkola na Gunnar Palm, wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari Rally, mwaka 1972. Björn Waldegård aliirudia kazi hiyo mwaka 1977, naye kwa Escort yenye BDA.

DFV na toleo lake la baadaye, DFY, zilishinda mbio 155 za langalanga na kutoa mabingwa wa madereva mara 12, wa mwisho akiwa Keke Rosberg mwaka 1982. Ushindi wa 155 aliupata Michele Alboreto mjini Detroit mwaka 1983, akiwa na timu ya Tyrrell. Baada ya hapo turbo za viwanda vikubwa zikatawala.

Leo timu isiyo na kiwanda chake hupewa injini kwa mkataba, imefungwa kwa lakiri, na wataalamu wa kiwanda wakiilinda. Hata General Motors, kwa ukubwa wake wote, imeiingiza Cadillac mwaka 2026 kwa injini ya Ferrari. Shirikisho la mchezo wa magari, FIA, likikaa kuandika kanuni za injini zijazo, nataka iwepo injini moja nyepesi kueleweka, yenye bei iliyotangazwa, inayouzwa moja kwa moja kwa yeyote mwenye karakana, na fundi wake aruhusiwe kuifungua.