Siku Moja Kisumu: Anza Dunga

Watu wengi waendao Kisumu huenda kwa shughuli. Mmoja ana kesi, mwingine amempeleka mgonjwa, wa tatu anafuata karatasi zake ofisini. Shughuli ikiisha hukaa kituoni wakingoja gari la jioni, na wafikapo kwao hawana la kusimulia ila bei ya nauli. Leo napenda kumshauri msomaji mwenye siku moja tu ya nafasi. Shauri langu la kwanza ni hili: usianze mjini, anza Dunga.

Dunga ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria, kusini mwa mji, safari fupi kwa pikipiki. Fika mapema, jua lisijawa kali. Wakati huo mashua zinarudi, na akina mama wachuuzi wanangoja ufukoni na mabeseni yao. Utaona ngege, na utamwona mbuta, ambaye si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960. Akawamaliza samaki wengi wadogo wa asili, lakini pia akawaletea wavuvi biashara kubwa.

Kisha mtafute kiongozi wa hapo kijijini akupeleke kwa mashua kandokando ya mafunjo. Patana naye bei kabla ya kupanda, vaa koti la kuelea, wala usiwakaribie viboko. Heri utoke asubuhi, maana alasiri upepo wa ziwa huzidi. Katika mafunjo yale hukaa ndege mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano, ambaye hawezi kuishi mbali na mimea hiyo. Samaki huzalia humo, na wenyeji hukata mafunjo kwa kusuka mikeka.

Hapa nawaomba wakulima wenzangu wayatazame maji kwa makini. Mto Nyando na mito mingine hushuka kutoka nchi ya juu, ikileta matope katika Ghuba ya Winam. Matope yale hayakuzaliwa ziwani; ni udongo wa mashamba yetu, pamoja na mbolea tuliyoinunua kwa fedha. Mafunjo huyazuia kiasi, lakini si yote. Rutuba ipitayo hulilisha gugu maji, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likifunga njia za mashua, hata mvuvi hukosa kutoka. Basi mkulima asiyechimba matuta mlimani humnyima mvuvi chakula, na hawajapata kuonana.

Ukirudi mjini utapita Hifadhi ya Swala Pala, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992. Ni ndogo, saa moja yatosha. Kula samaki na ugali, kisha uende kwenye Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Humo mna samaki wa ziwani wakiwa hai, na nyoka, lakini usikose boma la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala. Nyumba ya mke mkubwa imeelekea lango, na vibanda vya wana wa kiume vipo karibu na lango. Ajuaye desturi huwafahamu wenye mji bila kuuliza jina la mtu.

Kama muda ungalipo, nenda uitazame bandari. Meli iitwayo William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikaundwa hapa na kushushwa majini mwaka 1900, kabla ya reli ya Mombasa kufika mwaka 1901. Na kama siku yako ni Jumapili, pitia soko la Kibuye, ambalo hujaa sana siku hiyo.

Zaidi ya hayo usijaribu. Mtu akimbiaye mahali kumi kwa siku moja hurudi na vumbi tu. Walipe viongozi na wachuuzi kwa haki, maana fedha hizo huwafanya vijana wa Dunga waone faida ya kuyatunza mafunjo badala ya kuyachoma.

Na mvua ikinyesha baada ya wewe kurudi nyumbani, simama mlangoni uyatazame maji yakitoka shambani mwako. Ukiyaona mekundu, utajua yanakokwenda, kwa kuwa umekwisha fika huko.