Munataka kuuza jiko gani ya hospitali?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia, Kisangani, Kalemie na Lubumbashi,

Kuko wazo moja yenye inarudi kila mara watu wanapoongelea hali ya hospitali zetu: serkali imeshindwa kulisha wagonjwa, basi chakula ipewe kampuni binafsi. Wengine wanashangilia, wengine wanatukana. Sisi tunaanza na swali ndogo tu: munataka kuuza jiko gani?

Ju ukiingia kwenye hospitali mingi za serkali katika inchi hii, jiko haiko. Kuko banda yenye moshi nyuma ya majengo, mbabula zimepangwa chini, na wamama wanapuliza makala. Hao si wapishi wa hospitali. Ni mama, dada, bibi na binti za wagonjwa, wale tunaita gademaladi. Wanalala chini ya kitanda, asubuhi wanatafuta maji, kisha wanatafuta makala, kisha wanatafuta franka ya unga. Mugonjwa mwenye hana mutu wa kumupikia anakula yenye jirani wa kitanda amemubakishia. Jirani akikosa, analala njaa na serumu kwenye mukono.

Kwa hiyo tuseme mambo wazi. Chakula ya hospitali ilisha kuwekwa mikononi mwa watu binafsi tangu zamani. Hao watu binafsi njo familia zetu. Hakuna tangazo lenye lilitolewa, hakuna mukataba wenye ulisainiwa, hakuna mutu aliuliza mama kama ataweza. Serkali ilijitoa polepole, na mwanamuke akaingia pale ilikuwa. Mwenye anasema leo «tuanze kubinafsisha» anakuja nyuma ya wakati.

Sahani njo sehemu ya dawa

Kuko wenye watasema: hospitali ni ya kutibu, kula ni kazi ya nyumbani. Hapana. Uliza muganga yeyote. Mutu wa sukari (diabete) akila paka bugali ya mihogo asubuhi na jioni, dawa yake inapigana vita peke yake. Mutu mwenye amepasuliwa anahitaji nguvu ya chakula ili kidonda ifunge. Mutu wa kifua kikuu anakunywa dawa miezi 6, na wengi wanazikimbia ju dawa kali kwenye tumbo yenye haina kitu ni mateso.

Hata serkali inajua hii maneno. Mutoto mwenye bwaki kali akifika kwenye kitengo cha lishe, anapewa maziwa ya F-75, akipata nafuu anapewa F-100, kwa kipimo, kwa saa, kama sindano. Pale kila mutu anakubali kama chakula ni dawa. Lakini mama mwenye amemubeba huyo mutoto, mwenye analala naye pale wiki nzima, anakula nini? Na mugonjwa wa kitanda cha pembeni, wa chumba kingine, anakula nini?

Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 47, inaweka haki ya afya na usalama wa chakula ndani ya sentensi moja. Moja. Wenye waliiandika walielewa kama hivi vitu viwili vinatembea pamoja. Sisi njo tunavitenganisha kwenye mulango wa hospitali.

Maswali tatu yenye watu wanachanganya

Mabishano hii inatuchosha ju kila mutu anasema «privé» lakini kila mutu anafikiria kitu chake. Tuyatenganishe. Nani anapika? Nani analipa? Nani anachunguza?

Nani anapika, kwa kweli, si shida kubwa. Sahani ya maharagi haina chama. Ikipikwa na mufanyakazi wa serkali, na kampuni, na watawa wa kanisa ao na ushirika wa wamama, mugonjwa anataka tu ikuwe safi, ya moto na ya kutosha.

Nani analipa, pale njo moto iko. Tufanye hesabu ya mufano. Tuseme sahani moja ni franka 5.000, mara 2 kwa siku, kwa wagonjwa 200. Hiyo ni franka milioni 2 kila siku, milioni 60 kila mwezi. Kampuni haitapika bure. Iko na mushahara wa kulipa na faida ya kutafuta. Kama hii pesa inatoka kwenye bajeti ya serkali, tunaweza kuongea. Kama inatoka mufukoni mwa mugonjwa, basi mutu mwenye amelala siku 14 anaongezewa franka 140.000 juu ya fakture yake.

Na sisi wote tunajua mwisho ya fakture yenye haikulipwa. Katika inchi hii, mama mwenye amezaa anaweza kupona na asirudi nyumbani, anazuiliwa pale na mutoto wake mpaka familia ikamilishe deni. Maiti nazo zinazuiliwa. Sasa weka chakula kwenye hiyo fakture. Tutafika kwenye inchi yenye mutu anafungwa ndani ya hospitali ju alikula maharagi. Hapo gademaladi na mbabula yake atakuwa afazali, ju yeye angalau hazuie mutu.

Tena kuko hatari ya pili. Kampuni ikipewa soko yote, kitu cha kwanza itaomba ni kufukuza mbabula na kukataza sahani kutoka inje. Itasema ni ju ya usafi, na kwa usafi iko na haki. Lakini siku hiyo mugonjwa masikini atakuwa amepoteza chakula ya nyumbani bila kupata ya hospitali.

«Privé ni serieux»: tuangalie

Kuko vijana wenzetu wenye wanasema: serkali ikipika, mifuko ya muchele itapotea njiani. Acha privé, yeye anajua kazi. Hatuwacheki. Wanasema hivyo ju wameona.

Tuchukue umeme. Sheria ya 17 Juni 2014 ilifungua soko ya umeme kwa kampuni binafsi. Goma, kuko nyumba zenye zilipata mwangaza wa kweli, wenye haukatike kila jioni. Ni ukweli, na tunausema. Lakini kwenye avenue hiyo hiyo kuko nyumba zenye ziko gizani, ju bei ya kuunganishwa na ya kila mwezi inawapita. Privé alileta taa kwa mwenye alilipa. Kwa umeme, mutu anaweza kuwasha mushumaa akingoja. Mugonjwa hawezi kungoja chakula mpaka apate kazi.

Tena tukumbuke Bukanga Lonzo. Mwaka 2014 serkali ilizindua hiyo shamba kubwa pamoja na kampuni kutoka Afrika Kusini, kulisha Kinshasa na inchi nzima. Zaidi ya dola milioni 200 za serkali zilitoka. Mahindi haikufika sokoni kwa wingi wenye tuliahidiwa, na mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama. Mwezi wa 5 mwaka 2025 Korti ya Katiba ilimuhukumu waziri mukuu wa zamani miaka 10 ya kazi ngumu kwa pesa ya hiyo mambo, yeye akiendelea kukana. Hapo serkali na privé walikuwa meza moja. Mwizi wa ndani ya stoo na mwizi wa ndani ya mukataba ni mutu na binamu yake. Mukifukuza moja bila kuangalia mwengine, hamujafukuza kitu.

Inje nako walisha kupita kwenye hii njia. Uingereza, tangu 1983, serkali iliomba hospitali ziweke usafi, kufua na jiko kwenye mashindano ya bei. Mwaka 2019 wagonjwa walikufa huko kisha kula sandwichi zenye zililetwa na kampuni, zenye zilikuwa na mikrobi ya listeria. Kanada, kwenye jimbo la British Columbia, sheria ya 2002 ilifungua mulango kwa kampuni kuchukua usafi na jiko. Wafanyakazi zaidi ya 8.000, wengi wao wanawake, walipoteza kazi, na wenye walirudi kwa kampuni walikuta mushahara umeshuka karibu nusu. Mwaka 2007 Korti Kuu ya Kanada ilisema sehemu za hiyo sheria zinavunja haki ya wafanyakazi, na mwaka 2021 serkali ya jimbo ilitangaza kuwarudisha wafanyakazi kwenye kazi ya umma. Miaka karibu 20 kuzunguka, kurudi pale walitoka. Na hao ni inchi zenye ziko na wachunguzi wenye wanalipwa.

Inawezekana, tulisha kuiona

Wenye wanasema «Kongo haiwezi kulisha wagonjwa wake» wamesahau haraka. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola ilipopita Beni, Mangina, Butembo na Katwa, wagonjwa 3.470 walihesabiwa na watu 2.287 walikufa. Kwenye vituo vya kutibu Ebola, gademaladi hakuweza kuingia na sufuria. Basi mugonjwa alikula chakula yenye kituo ilimuletea, kila siku, bila kulipa. Hakuna mutu alisema «haiwezekani». Ilifanyika, ndani ya vita, kwenye barabara mbovu.

Na tukumbuke pia upande ya pili ya ile wakati. Magari yalipangishwa, pesa ilimwangika, na raia wakatoa jina: Ebola business. Kwa hiyo Ebola ilitufundisha mambo mbili kwa mara moja. Kulisha mugonjwa inawezekana pesa ikiwa na mutu akitaka. Na pesa bila macho ya raia inageuka biashara.

Leo shida iko kubwa zaidi ju vita imetupa watu mbali na kwao. Mukimbizi mwenye amelazwa, dada yake iko wapi? Mwenye risasi imemupata na familia ilikimbilia upande mwengine, nani atampikia? Hii mufumo ya «kila mutu na sufuria yake» ilijengwa juu ya familia kuwa karibu. Familia haziko karibu tena.

Yenye tunaomba

Hatuko kambi ya «privé hapana» wala kambi ya «wapeni tu». Tunaomba mambo sita, na mwenye anataka kusaini chochote aanze na haya.

1. Chakula ya mugonjwa mwenye amelazwa isiingie kwenye fakture yake hata siku moja. Na mutu asizuiliwe hospitali ju ya deni yoyote.

2. Bajeti ya inchi na ya kila provensi ikuwe na mustari wake wa chakula ya hospitali, wenye raia anaweza kuusoma. Mwaka 2001 huko Abuja viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Sisi hatujawahi kufika pale. Tuanze basi na sahani.

3. Kama kampuni inapewa kazi, ipite kwenye mashindano ya wazi kama sheria ya 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya serkali inavyoomba. Mukataba wote utangazwe: bei ya sahani, uzito wake, muda, na majina ya wenye kampuni.

4. Majengo ya jiko, maji na vyombo vibaki mali ya hospitali. Kampuni ikienda, isiende na jiko.

5. Wamama wenye wanauza chakula kwenye mulango wa hospitali wapewe nafasi ya kwanza kupanga ushirika na kupata sehemu ya kazi. Wao njo walilisha wagonjwa wakati hakuna mwengine alikuwa pale. Na sombe, maharagi, lenga-lenga na sambaza vinunuliwe kwa walimaji na wavuvi wetu.

6. Kila hospitali ikuwe na kamati ya uchunguzi: muuguzi, mutu wa lishe, mujumbe wa gademaladi na mujumbe wa kartie. Wakuwe na haki ya kuingia jikoni bila kuomba ruhusa na kuonja.

Na wewe mwenye unasoma

Wiki hii pita kwenye hospitali ya karibu nawe. Usipige picha ya mugonjwa. Heshima yake si yetu kuitangaza. Uliza tu maswali tatu kwa musimamizi, kwa upole: hapa kuko jiko? Bajeti ya chakula ni ngapi na nani anaipokea? Mugonjwa mwenye hana familia anakula nini? Andika majibu, andika tarehe, peleka kwa mbunge wa provensi mwenye alikuja kuomba kura yako, na umuulize anasema nini. Akinyamaza, andika pia kama amenyamaza.

Na ukiwa na sahani ya pili nyumbani, kuko mutu kwenye chumba namba fulani mwenye hana gademaladi. Umupelekee. Lakini usikubali mutu akuambie kama huruma yako njo suluhisho. Huruma ni yako. Deni ni ya serkali.