Lombardia: mkoa tajiri wa Italia ambao lugha yake inafifia

Tarehe 22 Oktoba 2017, mkoa wa Lombardia, kaskazini mwa Italia, uliitisha kura ya maoni kuhusu kudai madaraka na fedha zaidi kutoka Roma. Zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walisema ndiyo, ingawa waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Lugha haikutajwa katika swali hilo.

Lombardia ina watu milioni 10, wengi kuliko mkoa mwingine wowote wa Italia, na huchangia zaidi ya moja ya tano ya pato la taifa. Makao yake makuu ni Milano, mji wa mabenki, viwanda na mitindo ya mavazi. Katika bonde la mto Po wakulima hulima mpunga na kufuga ng'ombe wengi wa maziwa.

Lugha ya wenyeji ni Kilombardi. Wengi hukiita lahaja, lakini sisi tunaona jina hilo linapotosha. Kilombardi na Kiitaliano vyote vimetokana na Kilatini, kila kimoja kwa njia yake. Mji wa Bergamo, kwa mfano, wenyewe huuita Bèrghem. Lugha hiyo inasikika hata ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Ticino nchini Uswisi.

Imefikaje hapa? Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Milano vilivuta vibarua kutoka kusini mwa Italia, kila mmoja na lugha ya kwao. Kiitaliano kikawa lugha ya kuelewana. Shule zilikuwa zikifundisha kwa Kiitaliano, televisheni nayo ikaanza mwaka 1954, na wazazi wakaacha kuwasemesha watoto lugha waliyoiona ya kimaskini. Kwa hiyo utajiri wenyewe ulichangia kuididimiza.

Sheria ya taifa ya mwaka 1999 inalinda lugha 12 za jamii ndogo, zikiwemo Kialbania na Kigiriki. Kilombardi hakimo. Mwaka 2016 mkoa ulikitaja katika sheria yake ya utamaduni, lakini kutajwa si kufundishwa.

Ndiyo maana mvutano na Roma unagusa pia lugha. Mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kuipa mikoa madaraka zaidi, na mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikafuta vipengele vyake kadhaa. Iliona pia kwamba ni vigumu kuhalalisha kuikabidhi mikoa kanuni za jumla za elimu.