Dawa ya Miti Nayo Ina Kipimo

Juma hili tunaitazama hali iliyoingia katika nyumba nyingi bila kubisha hodi. Wataalamu huiita sindromu ya kimetaboliki. Mtu huhesabiwa kuwa nayo akikutwa na mambo matatu kati ya matano: kiuno kipana, yaani sentimeta 94 au zaidi kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, shinikizo la damu la 130 kwa 85 au zaidi, sukari ya milimoli 5.6 kwa lita au zaidi kabla ya kula. Mafuta mengi katika damu. Na upungufu wa kolesteroli iliyo njema. Yakikutana, mambo haya humsogeza mtu kwenye kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi.

Kwa kuwa hali hii haina maumivu, wengi huridhika na unga wa mimea ununuliwao sokoni. Hatuwabezi, kwani mimea ina nguvu. Swali letu ni moja: nguvu hiyo imepimwa?

Japani na Korea kuna tunda liitwalo kaki, lenye umbo la nyanya na rangi ya chungwa. Aina nyingi za tunda hilo, zikiwa hazijaiva, zina ukakasi kama wa bibo la korosho. Ukakasi huo hutokana na tanini, nayo ndiyo iliyowavuta watafiti. Katika majaribio ya panya, tanini ya kaki ilishikamana na asidi za nyongo ndani ya utumbo ikatoka nazo. Ini likalazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyingine, na kolesteroli ya damu ikapungua. Habari hiyo ni njema, lakini panya si mzee wetu. Tena kaki ikiliwa kwa wingi, hasa mbichi, tanini yake huweza kugandana tumboni ikawa kama jiwe, hata mtu akahitaji kupasuliwa.

Upo mmea uliokwisha kuimaliza safari ya utafiti. Galega, mmea wa Ulaya, ulitumiwa zamani kuwatibu waliokojoa kupita kiasi. Katika miaka ya 1920 kiini chake kilijaribiwa kwa wagonjwa. Sukari ilishuka, lakini sumu yake ikawa kikwazo. Wanakemia walikuwa wamekwisha kutengeneza dawa iliyo jamaa ya kiini hicho, nayo ni metformini, mwaka 1922. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957, na Marekani ilianza kuitumia 1995. Basi kidonge akimezacho mama kila jioni kina nasaba na jani. Tofauti ni kwamba chenye sumu kiliachwa, na kiasi cha kumeza kinajulikana.

Turudi jikoni mwetu. Uwatu una nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu, na kuutia katika chakula ni jambo jema. Lakini mgonjwa akiunywa kwa wingi pamoja na dawa za kisukari, sukari yaweza kushuka mno. Akatetemeka, akatokwa na jasho, hata akazimia. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya yule aachaye dawa kabisa kwa ahadi ya muuzaji, kwani shinikizo la damu hupanda kimya kimya, na ishara ya kwanza huenda ikawa kiharusi.

Afya ni amana. Tunawanasihi wenye wazazi watu wazima waulize kwa adabu: Baba, Mama, mnatumia nini? Pakiti hiyo ichukuliwe hadi kliniki, daktari aione pamoja na vidonge. Asiyepimwa apimwe kiuno, shinikizo na sukari. Uwatu ubaki mezani, kutembea kila siku kuendelee, na dawa isiachwe mpaka aliyeiandika aseme iachwe.