Chenga za Chini ya Gunia

Antwerp, Ubelgiji

Mwanangu, na ninyi wenzake watano mlioandika naye orodha ile,

Karatasi yenu kutoka Manika, Kolwezi, imefika. Mliipiga picha mkaituma kwa WhatsApp usiku, nami nikaisoma alfajiri ndani ya tramu nikienda kazini. Mawazo matano ya biashara kwa ajili ya mradi wenu wa masomo: fotokopi karibu na chuo, kuku wa mayai, bustani ya lengalenga, kushona na kutengeneza salopeti za wafanyakazi wa migodi, na makaa ya chenga. Kisha chini kabisa, kwa kalamu nyingine, mmoja wenu akaongeza la sita: kununua mawe ya madini kwa wachimbaji na kuyauza depo, kwa wanunuzi wa madini. Mmeniuliza lipi lina faida kubwa. Nawajibu kwa barua ya wazi, maana Likasi na Fungurume pia wako vijana wenye karatasi kama hiyo mfukoni.

Faida tutaifikia. Kwanza niambieni: mteja atakayewalipa, pesa yake inatoka wapi?

Mwaka 2018 nilikuwa bado Kolwezi. Nilipika bukari na samaki karibu na machimbo, chini ya turubai la bluu, mbabula mbili na sufuria tatu. Machi ya mwaka ule tani moja ya kobalti ilifika karibu dola 95,000 kwenye soko la London. Wateja wangu hawakuijua London. Walijua tu kwamba depo zinalipa vizuri, na walikula kama watu waliolipwa vizuri. Wengine waliomba sahani ya pili kabla ya kunawa. Ambaye hakuwa na pesa mkononi nilimwandika daftarini kwa jina lake la utani, kwa kuwa ndilo nililolijua. Mwaka uliofuata bei ilishuka hadi chini ya nusu. Asubuhi moja niliwasha mbabula zote mbili kama kawaida, nikasonga bukari ya watu arobaini, wakaja wanne. Agosti 2019 tukasikia kwamba mgodi wa Mutanda utasimamishwa. Vijana wangu walitawanyika, kila mmoja na njia yake, na daftari likabaki kwangu. Ninalo hapa, lina madoa ya mafuta ya mawese. Madeni yaliyomo ni dola mia nne na kidogo. Mtaji wangu wote ulikuwa mia tatu.

Sikuwahi kushika sururu hata siku moja, lakini nilikuwa mgodini pamoja nao, na shimo lilipoporomoka liliniangukia na mimi.

Msinielewe kwamba mtafute biashara isiyoguswa na mgodi. Kolwezi haipo. Mwalimu, fundi nguo, dereva wa pikipiki, hata sadaka ya Jumapili, kila senti imepita mahali kwenye vumbi la mgodi. Februari 2025 Kinshasa ilipofunga kobalti isitoke nchini, kisha ikaongeza muda, kisha Oktoba ikaanza kugawa viwango kwa kila kampuni, mliona wenyewe mtaani. Kwa hiyo tafuteni kitu ambacho mtu atakinunua hata siku depo imefungwa, au bora zaidi, kitu atakachokitaka zaidi siku hiyo. Kwa kipimo hicho nimeisoma orodha yenu.

La sita nalifuta. Najua aliyeliandika aliona binamu yake akinunua pikipiki kwa miezi miwili. Lakini umeshawahi kusimama depo ukitazama kile kifaa wanachokiita metorex? Kinafanana na bastola. Mnunuzi anakielekeza kwenye mawe, namba inatokea upande wake, naye anakutajia kiwango cha madini. Kifaa ni chake, mizani ni yake, na bei ameibandika yeye. Wewe una gunia tu, na deni la uliyemnunulia. Isitoshe kazi hiyo ina kadi yake kisheria, na mwanafunzi asiye na kadi ni chakula cha kila anayevaa sare.

Fotokopi ipo kila kona ya chuo, tena inategemea umeme. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, kilomita zipatazo 1,700, iliyokamilika mwaka 1982, inaishia Kolwezi. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yako hapo hapo kwenye mto Lualaba. Umeme huo ulijengewa migodi. Ninyi mtanunua mafuta ya jenereta, na jenereta itakula kabla yenu.

Salopeti ni wazo zuri lililokuja mapema. Sheria ya 2017 ya ukandarasi mdogo inaitaka migodi itoe kazi kama hizo kwa kampuni za Wakongomani, na ningefurahi siku moja kuona mshono wenu mgongoni mwa fundi wa mgodi wa Kamoa. Ila kampuni kubwa hailipi siku inapopokea mzigo. Ankara inakaa mezani wiki nyingi, na ninyi kitambaa mmekinunua kwa pesa taslimu. Lihifadhini mpaka muwe na mtaji wa kusubiri.

Kuku wa mayai ndiye aliyenikalisha. Nampenda, na jirani zenu wanapenda mayai. Lakini hesabuni siku. Kifaranga wa mayai anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, yaani miezi minne na nusu ya kumlisha bila yai hata moja. Mradi wenu ni wa muhula mmoja. Mtakuwa mnasimama mbele ya mwalimu kusoma ripoti siku ambayo kuku wa kwanza anatafuta pa kutagia. Halafu kuku mia wanakula kama kilo 11 au 12 za chakula kwa siku, sehemu kubwa ikiwa mahindi, na mahindi yetu mengi yanatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ulipoikausha Zambia, hadi Februari serikali yao ikatangaza janga la taifa, sisi ndio tuliotafuta unga kwa tochi. Mtu akikosa unga wa watoto hatampa kuku. Tena vifaranga mtavinunua kwa dola na mayai mtayauza kwa franka. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwaka 2024 ilipita 2,700. Aliyepanga bei ya yai na kuisahau alikuwa akipoteza kila usiku akiwa amelala.

Lengalenga nayo nusura niichague. Inavunwa ndani ya wiki chache, na hakuna bei ya London ndani yake. Ninachoogopa ni mahali. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, mji wa hapa jirani yangu, walichapisha vipimo walivyochukua Kasulo, mtaa ambao watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe: kobalti ilikuwa nyingi katika mkojo na damu ya wakazi, na watoto ndio walioathirika zaidi. Vumbi la machimbo linatua pia kwenye majani. Kama mmoja wenu ana shamba mbali na machimbo na barabara ya malori, na kisima kisichopakana na maji ya kusafishia mawe, endeleeni. Kama hamna, msimuuzie mama wa mtu mboga ambazo ninyi wenyewe mngesita kula.

Yamebaki makaa ya chenga. Mliyaandika mstari mmoja tu, bila maelezo, kama kitu cha kujazia ukurasa. Hapo ndipo niliposhuka kwenye tramu kituo kimoja mbele ya changu.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka, na miaka iliyofuata kampuni nzima ikadidimia. Iliyokuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufika hata 50,000. Sisi watoto hatukujua tani. Tulijua kwamba mgao wa unga umekoma, na kwamba baba anakwenda kazini na kurudi bila mshahara mwezi baada ya mwezi, mpaka mwaka 2003 alipoondolewa pamoja na wenzake zaidi ya 10,000. Kabla ya hapo mama alikuwa ameshatafuta njia. Alikwenda kwa wauza makaa sokoni akaomba chenga zinazobaki chini ya gunia, zile ambazo wao walizimwaga mtaroni.

Nilikuwa na miaka tisa na kazi yangu ilikuwa kuchekecha. Mchanga ukibaki ndani, makaa yanageuka majivu mazito na moto unakufa. Baada ya hapo tulitwanga, mama akapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, akaumimina katikati ya lundo jeusi. Asubuhi za Juni Kolwezi baridi inauma vidole, na tope lile lilikuwa na uvuguvugu wa uji. Nilikuwa nachelewesha mikono yangu ndani kwa makusudi. Kipimo chake kilikuwa kiganja: ukikamata tonge na kulifungua, likikaa bila kupasuka na bila kukuachia maji, limeiva. Alilishindilia katika kopo la nyanya lililokatwa chini, akalisukuma litoke kwa kipande cha mti, akalipanga juu ya mabati. Siku nne za jua, na usiku tuliyaingiza ndani kama kuku.

Majirani walicheka kwanza. Halafu wakaona gunia la makaa ya kawaida linapanda bei wakati mishahara imesimama, wakaja na vibeseni. Mama hakuwadanganya. Moto wa chenga ni mpole, haufai kusonga bukari. Ila unadumu, na maharage au sombe, yaani majani ya muhogo, vinataka moto unaodumu. Aliwaambia, “Bukari pikeni kwa makaa yenu, maharage niachieni mimi.” Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi Ulaya, na sijasikia mtu akiuza bidhaa yake kwa ukweli wa namna ile. Biashara yake ilikua kila mji ulipofilisika zaidi. Hiyo ndiyo sababu yangu, wanangu. Mtu akikosa pesa anaacha nyama, anaacha soda, anaacha fotokopi. Kuchemsha maharage haachi.

Tena angalieni mahitaji yake: chenga kwa franka, muhogo kwa franka, kopo la bure. Hakuna dola ndani yake, hakuna noti mtakayorudishiwa kwa sababu ina mpasuko wa milimita moja pembeni. Na msitu wa miombo, ambao kila mwaka waendesha baiskeli wa makaa wanaufuata mbali zaidi, hautakatwa mti mmoja kwa ajili yenu.

Ugumu upo. Mvua. Kuanzia Oktoba hadi Aprili hakuna jua la kuaminika, basi mtengeneze kwa wingi toka Mei na mweke akiba pakavu, au mtafute kibanda chenye paa la plastiki la kupitisha mwanga. Uji ukizidi, makaa yatatoa moshi na mteja hatarudi. Na kila mfungo mtakaouza, semeni kwa mdomo na muandike kwa karatasi: mbabula isilale ndani ya chumba kilichofungwa. Juni na Julai watu wanaiingiza ili wapate joto, na hewa ile isiyo na harufu inaua familia nzima usingizini, iwe ya makaa ya mti au ya chenga.

Naishi mwendo mfupi tu kutoka kiwanda cha Hoboken. Shaba ya Katanga ililetwa huku kusafishwa tangu enzi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo tangu 2001 inaitwa Umicore. Mabomba ya moshi bado yapo. Leo kiwanda hicho kinaishi kwa mabaki: simu zilizokufa, vipande vya mitambo, betri zilizotupwa, ambamo wanatoa tena dhahabu, shaba na kobalti. Nikipita pale namkumbuka mama na ungo wake. Wahandisi wenye shahada wanachekecha takataka, na hakuna anayewaona maskini kwa sababu hiyo. Nawaandikia haya kwa kuwa nahisi mliona aibu kulieleza wazo lile mbele ya darasa.

Kuhusu pesa: sisi wa huku tumezoea kutuma za mazishi, za hospitali na za karo. Za kuanzia kazi tunaziogopa, kwa kuwa nyingi zimeliwa, nami nimeliwa pia. Basi fanyeni likelemba, upatu wenu ninyi sita, hata ya franka elfu tano kwa wiki, na chochote mtakachokusanya nitaongeza kingine sawa nacho. Sitaki gawio.

Ila kabla ya hapo nipeni wiki moja ya miguu yenu. Nendeni kwa wauza makaa kumi wa soko, jioni, mhesabu ndoo ngapi za chenga zinabaki kwa kila mmoja, na muulize wanazipeleka wapi. Huenda siku hizi kuna anayezinunua. Kisha pikeni sombe kwenye mbabula mbili, sufuria sawa na maji sawa, moja kwa makaa ya mti na moja kwa yenu, muandike dakika na gharama. Mkipata kwamba yenu yameshindwa, niandikieni hivyohivyo, turudi kwenye lengalenga.

Kopo la nyanya, kama kutu haijalimaliza, liko kwa bibi yako nyuma ya jiko, ndani ya beseni la bluu lenye ufa. Mwombeni. Atakataa kuwaazima na atataka kuonyesha mwenyewe, na magoti yake siku hizi hayamruhusu kuinama, kwa hiyo mpelekeeni kigoda. Mvae nguo za zamani.

Shangazi yako