Mganga Asigeuzwe Mchawi

Wako miongoni mwetu wanaodai kwamba hadithi za kubuni za kisayansi ni mchezo wa watoto, wala hazistahili kuletwa mbele ya mwanafunzi wa Kiswahili. Hatukubaliani nao. Hadithi hizo hubeba mafundisho, na fundisho lisilopingwa huota mizizi. Mfano mmoja watosha.

Tarehe 2 Februari 1968, mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek ulionyesha kisa cha "A Private Little War". Nahodha Kirk anarudi katika sayari aliyokaa miaka 13 kabla. Aliwaacha wenyeji na pinde na mishale. Sasa watu wa kijijini wana bunduki za gumegume, walizopewa kwa siri na Waklingon, mahasimu wa Kirk, nao wanawaua watu wa vilimani. Tyree, kiongozi wa watu wa vilimani, anakataa katakata kumwua binadamu. Mkewe, Nona, ni mganga: kwa mzizi na kwa damu yake mwenyewe anamponya Kirk aliyeumwa na mnyama mwenye sumu. Lakini mganga huyo anatamani bunduki na utawala. Anampokonya Kirk silaha, anawapelekea watu wa kijijini, nao wanamwua. Tyree, kwa uchungu, anadai bunduki. Kirk anaagiza 100 zitengenezwe ili pande mbili zilingane, ijapokuwa McCoy, daktari wa chombo chao, alilipinga shauri hilo.

Kisa hicho kilikuwa fumbo la vita vya Vietnam, na mashambulizi ya Tet yalikuwa yameanza siku chache tu kabla. Kirk anaondoka na majonzi, ni kweli. Lakini majonzi si hoja. Tunacholalamikia ni kwamba kisa kimeacha milango miwili tu, kuua au kuuawa. Na ili kuufunga mlango wa tatu, kimemtwaa yule ambaye kazi yake ni kuponya, kikamtia uchu wa silaha.

Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. Kuganga ni kutibu na kuunga kilichovunjika. Kuroga ni kudhuru. Wahenga walisema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Basi hata siku za mbele zina mganga wake, na siku za mbele ndizo makao ya hadithi za kisayansi.

Tutaulizwa: na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe je? Dawa yake ya maji haikuwaingiza watu vitani mwaka 1905? Iliwaingiza, wakafa kwa maelfu, na Ebrahim Hussein amelipima jambo hilo katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Lakini tukumbuke dawa ile iliahidi nini: risasi zigeuke maji. Hata ilipokosea, ilikosea kwa kutaka kukinga uhai. Nona hakuachiwa hata kosa la namna hiyo.

Kwetu Uganda jambo hili si dogo. Kiswahili kimebeba kwa miaka mingi lawama ya kuwa lugha ya kambi za askari, na wazee wengi walikisikia kwanza kinywani mwa mwenye bunduki. Tukimsimulia mwanafunzi, kwa Kiswahili hicho hicho, kisa ambamo hata mganga anaomba bunduki, kisha tukanyamaza, tutakuwa tumeitia lawama hiyo muhuri kwa mkono wetu.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tusikifiche kisa hiki, tukipinge. Tumsimulie mwanafunzi mpaka pale Kirk anapopona, kisha tumwachie kalamu. Nona amekwisha kumponya mgeni; je, majeruhi wa kijijini akiletwa mlangoni pake, atafanya nini? Tyree atamjibu nini Kirk? Mwanafunzi akiona kwamba amani haiwezekani, na atuthibitishie kwa hoja. Ila neno mchawi asimpachike mganga bila ushahidi.